Kapsuli za vitamini D kutoka famasi ya Kariakoo, na bango la "kinga ya mafua"

Tangu kipupwe cha mwaka huu kilipoanza, famasi moja ya Kariakoo, Dar es Salaam, ambayo sitaitaja kwa jina imebandika mlangoni bango la manjano linalodai kwamba vitamini D "huzuia mafua, kikohozi na virusi vyote vya njia ya hewa". Bango hilo lilinisimamisha kwa sababu nyumbani kwangu Tabata mafua yalikuwa yamezunguka kwa wiki tatu mfululizo: yalianza kwa mwanangu wa darasa la tatu, yakanipitia mimi, yakaishia kwa shangazi yangu mwenye umri wa miaka 77 ambaye tunaishi naye. Niliingia, nikanunua bidhaa mbili, na wiki iliyofuata nikalipia pia kipimo cha damu katika maabara ya jirani. Tathmini hii inahusu vitu hivyo vitatu na huduma niliyopewa, lakini zaidi inalihusu lile bango, kwa kuwa ndilo lililouza.

Bidhaa ya kwanza ni karatasi ya kapsuli nne, kila moja ikiwa na yuniti 60,000 za vitamini D3, iliyotengenezwa India na kuuzwa kwa shilingi 14,000. Ya pili ni kopo la vidonge 60 vya yuniti 1,000 kila kimoja, nililolinunua kwa shilingi 38,000. Bidhaa zenyewe sina ugomvi nazo. Vifungashio vilikuwa vizima, tarehe za mwisho wa matumizi zilikuwa mbali, namba ya toleo ilisomeka, na risiti ya mashine ilitolewa bila kuombwa, jambo ambalo kwa mitaa ile si la kulichukulia kirahisi. Kasoro moja ni kwamba karatasi ya maelezo iliandikwa kwa Kiingereza peke yake na kwa herufi ndogo mno, kiasi kwamba shangazi, ambaye ndiye hasa angepaswa kuisoma, aliigeuzageuza kisha akanirudishia akisema, "Nisomee wewe, mwanangu, haya maandishi ni ya sisimizi."

Ugomvi wangu unaanzia kwenye ushauri. Mfamasia, kijana mpole na mwenye heshima, aliniambia, "Dada, chukua hizi za wiki, kapsuli moja kwa wiki inatosha familia nzima, hata mtoto." Hakuniuliza umri wa mtoto, hakuniuliza kama shangazi ana matatizo ya figo au anatumia dawa nyingine, wala hakuniambia niendelee kwa muda gani. Hesabu yake ni rahisi: yuniti 60,000 zikigawanywa kwa siku saba ni zaidi ya yuniti 8,500 kwa siku, wakati kiwango cha juu kinachohesabiwa kuwa salama kwa mtu mzima asiye chini ya uangalizi wa daktari ni yuniti 4,000 kwa siku, na mahitaji ya kawaida ni yuniti 600, au 800 kwa aliyevuka miaka 70. Kapsuli hizo kubwa zina kazi yake: daktari humwandikia mgonjwa ambaye upungufu wake umethibitishwa, kwa wiki chache zinazohesabika. Vitamini hii huyeyuka katika mafuta na kuhifadhiwa mwilini, hivyo ikizidi kwa muda mrefu hupandisha kalsiamu katika damu na kuziumiza figo. Kumpa mtoto wa darasa la tatu kapsuli ya namna hiyo kila wiki kwa sababu ya bango la mlangoni ni jambo ambalo famasi yenye mtaalamu kaunta haikupaswa kulipendekeza.

Hata hivyo, sitaki kumtendea kijana yule isivyo haki, kwa kuwa dai lenyewe halikuzuka hewani. Ngozi ikipigwa na mionzi ya jua ya aina ya UVB hutengeneza vitamini D, ini huibadilisha kuwa umbo linalopimwa katika damu, kisha figo hulikamilisha kuwa umbo linalofanya kazi. Kilichowashtua watafiti ni kugundua kwamba seli za kinga nazo zinaweza kulikamilisha umbo hilo zenyewe, bila kungoja figo, na kwamba zikifanya hivyo huamsha utengenezaji wa kathelisidini, protini ndogo inayoshambulia vimelea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha njia hiyo kwa bakteria wa kifua kikuu, na kuanzia hapo matumaini yakahamia kwenye virusi vya mafua. Tena ilijulikana kwamba wagonjwa wengi wa mfumo wa hewa walipopimwa walikutwa na vitamini D kidogo. Tatizo la ushahidi wa namna hiyo ni kwamba ugonjwa wenyewe hushusha kipimo, na mgonjwa hushinda ndani. Huwezi kujua kipi kilitangulia mpaka uwagawe watu kwa bahati nasibu, hawa wapewe vitamini na wale wapewe kidonge kisicho na dawa.

Majaribio hayo yamefanywa, na ni mengi. Mwaka 2017 kundi la watafiti likiongozwa na Adrian Martineau wa London lilikusanya majaribio 25 yenye washiriki karibu 11,000 na kukuta kwamba uwezekano wa kupata angalau ugonjwa mmoja wa njia ya hewa ulipungua kwa asilimia 12 kwa waliopewa vitamini. Kwa watu waliokuwa na upungufu mkubwa sana, na ambao walimeza dozi ya kila siku au ya kila wiki bila kupewa dozi kubwa ya mara moja, upungufu wa uwezekano huo ulifika asilimia 70. Nadhani mabango yote ya famasi duniani yalizaliwa na sentensi hiyo ya pili. Mwaka 2021 uchambuzi ulirudiwa kwa majaribio 43 na watu zaidi ya 48,000, na faida ikasinyaa: waliougua katika kundi la vitamini walikuwa asilimia 61.3, na katika kundi la kidonge kisicho na dawa asilimia 62.3. Safari hii, ile faida kubwa kwa wenye upungufu haikuonekana tena waziwazi. Kilichobaki na dalili ya kusaidia kilikuwa dozi ndogo ya kila siku, kati ya yuniti 400 na 1,000, pamoja na umri wa kuanzia mwaka mmoja hadi 15. Uchambuzi ulipoongezewa majaribio mapya na kuchapishwa mwaka 2025, tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza tena kutenganishwa kwa uhakika na bahati tu, na hata yale makundi ya dozi na umri hayakujitokeza kama zamani. Nimeyapanga kwa mfuatano huo makusudi: kadiri watu waliochunguzwa walivyoongezeka, ndivyo faida ilivyopungua, na bango la Kariakoo limegota mwaka 2017.

Majaribio mojamoja yanaeleza mengi kuliko wastani. Japani, watoto wa shule waliopewa yuniti 1,200 kila siku katika majira ya baridi ya mwaka 2008 kuelekea 2009 walipata homa ya mafua ya aina A 18 kati ya 167, dhidi ya 31 kati ya 167 wa kundi la pili. Lakini mafua ya aina B hayakupungua. Mongolia, watoto waliokunywa maziwa yaliyoongezwa yuniti 300 kwa siku waliripotiwa na wazazi wao kuugua karibu nusu ya mara walizougua wenzao, ila watoto hao walianza wakiwa na vitamini D ya chini mno, katika nchi ambayo baridi yake huwafunika watu kuanzia kichwani hadi miguuni. Ukija kwenye dozi kubwa za kuachiana nafasi, picha hubadilika. New Zealand, watu wazima 322 walimezeshwa dozi kubwa kila mwezi kwa mwaka mmoja na nusu, na wakapata mafua wastani wa mara 3.7 dhidi ya 3.8. Kabul, watoto wachanga zaidi ya 3,000 walipewa yuniti 100,000 kila baada ya miezi mitatu, na nimonia haikupungua. Kwa maneno mengine, kapsuli aina ile niliyosukumiwa kaunta inafanana zaidi na dozi zilizoshindwa.

Kuhusu korona, ambayo mfamasia aliitaja pia, nitasema kwa ufupi. Uingereza ilijaribu kuwapima watu wazima na kuwapa vidonge waliokutwa na kiwango cha chini, katika jaribio la watu 6,200. Norway iliwapa watu zaidi ya 34,000 mafuta ya ini la samaki au mafuta yasiyo na vitamini hiyo. Brazil iliwapa wagonjwa waliolazwa dozi moja ya yuniti 200,000. Hakuna hata moja lililoonyesha faida iliyotarajiwa.

Sasa turudi Dar es Salaam, kwa sababu hapa ndipo ninapodhani wauzaji wetu wanakosea hata kabla ya kufika kwenye kapsuli. Jiji hili liko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, na mionzi inayotengeneza vitamini D haikauki mwaka mzima, tofauti na nchi za kaskazini ya mbali ambako katika miezi ya baridi mionzi hiyo karibu hutoweka. Watafiti waliowapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, wanaoishi kwa mtindo wa asili, mwaka 2012 walichapisha wastani wa nanomoli 115 kwa lita, sawa na nanogramu 46 kwa mililita, kiwango ambacho wengi Ulaya hawakifikii. Lakini si kila mkazi wa jiji anaishi kama Mhadzabe. Mimi hutoka Tabata kabla jua halijachomoza, hukaa ofisini Posta chini ya kiyoyozi, na hurudi giza limeshaingia. Shangazi huvaa baibui na hutoka uani kuanua nguo tu. Na ni hapahapa Dar es Salaam ambapo watafiti walipata watu wazima 4,000 wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wote wakiwa na vitamini D chini ya nanogramu 30 kwa mililita, wakawagawa kwa bahati nasibu na kuwafuatilia kwa mwaka mmoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba vitamini D3 haikupunguza vifo wala kifua kikuu cha mapafu. Kifua kikuu si virusi, nakubali, lakini huo ni ushahidi mkubwa uliotoka mtaani kwetu, na sikuwahi kumsikia muuzaji akiutaja.

Ndiyo maana nilikwenda maabara. Huduma ilikuwa nzuri: mtoa damu alichoma mara moja, hakunichubua, na majibu yalitoka baada ya siku mbili kama walivyoahidi. Gharama ilikuwa shilingi 85,000 kwa mtu mmoja, na tulikuwa wawili. Kipimo changu kilikuwa nanogramu 22 kwa mililita, cha shangazi 15, na karatasi zote mbili zikapigwa alama nyekundu ya "upungufu" kwa kuwa maabara ile hutumia mpaka wa 30. Kwa mpaka wa 20, ambao wataalamu wa Marekani waliuweka mwaka 2011 kwa ajili ya afya ya mifupa, mimi niko salama na shangazi pekee ndiye mwenye upungufu. Mwaka 2024 jumuiya ya madaktari wa homoni ya Marekani, iliyokuwa ikitetea mpaka wa 30, iliuacha, ikashauri watu wasio na tatizo maalumu wasipimwe kwa mazoea, na ikapendekeza vidonge kwa waliovuka miaka 75. Kwa hiyo shangazi angestahili kopo la yuniti 1,000 hata bila kutobolewa mkono. Kama fedha ni za mawazo, kipimo hiki msikilipie kwa ajili ya mafua.

Hukumu yangu kwa bidhaa, basi, ni hii. Kopo la yuniti 1,000 ninalipa alama nzuri: vidonge ni vidogo, havina harufu, humezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, na bei yake kwa miezi miwili inavumilika. Nililinunua kwa ajili ya mafua, na sasa naliendeleza kwa ajili ya mifupa ya shangazi, jambo ambalo vitamini hii inafahamika kulifanya. Mwanangu nimemwacha na mayai, vibua vya Feri na mpira wa jioni. Alipata mafua tena mwezi Agosti, na shangazi hakupata. Majirani wameshatoa hitimisho lao, lakini watu wawili si utafiti. Kapsuli za yuniti 60,000 sizilaumu kama dawa, ila kwa jinsi zilivyouzwa kwangu nazipa alama ya chini kabisa.

Nilizirudisha tatu zilizobaki, nikaeleza sababu. Meneja alinionyesha maandishi yaliyo chini ya risiti, kwamba bidhaa ikishatoka dukani hairudishwi, nami nikakubali kwa kuwa kwa dawa sharti hilo ni la haki. Yule kijana mfamasia alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini hizo habari za mwaka 2025 angezipata wapi, nikamwandikia nyuma ya risiti. Bango bado lipo.