Uzoefu wangu: maandishi ya dhahabu kwa GIMP 3.0, bila kulipa hata mia

Mimi sio dizaina wa kusomea jamani, nafanya za familia tu, kadi za sendoff, matangazo ya vikoba, basi. Nilianza na GIMP 2.10, programu ya kuhariri picha, kwenye laptop ya ramu GB 4 kwa sababu ni ya bure na haikugongei chapa yake juu ya kazi yako.

Sasa kisa. Kadi ya binamu yangu, jina nimelipiga dhahabu, kivuli kimekaa, mwenyewe najisifu, natupia kwenye grupu la familia mama mdogo huyo anapiga, "Mwanangu, Zainab haina u mwishoni, huyu Zainabu ni nani?" Nikarudi nifute herufi moja, kikatokea kiboksi kwamba leya (lile tabaka la picha lenye maandishi) imeshaguswa na zana nyingine, ukihariri maandishi yale mapambo yanapotea. Kwenye 2.10 ukishaweka filta, yaani pambo kama kivuli, neno linageuka picha, nami sikulijua hilo, nikakesha.

Hii 3.0 iliyotoka Machi 2025 hapo ndo imenimaliza. Unaweka Drop Shadow, kwenye leya inakaa alama ya fx, unabadili neno, unabadili fonti, kivuli kinafuata tu. Na ule mstari wa kuzungushia herufi sasa umo kwenye zana ya maandishi yenyewe, zamani mpaka ukuze seleksheni (eneo ulilochagua), ufungue leya ya chini, umwage rangi, shughuli pevu.

Ila dhahabu mimi bado naitengeneza kwa mkono. Bonyeza kulia kwenye leya ya jina, Alpha to Selection (inachagua umbo la herufi), fungua leya mpya juu yake, vuta gradienti, yaani rangi zinazoingiana polepole, toka juu ya herufi kushuka chini: kahawia #7a4b0c, njano, karibu nyeupe katikati, kisha urudi kahawia. Njano tupu inakuwa bango la dukani, sio dhahabu. Na fonti iwe nene, zile za mwandiko mwembamba mng'ao hauna pa kukaa. Jina likibadilika hii gradienti unaivuta upya, hapo hakuna ujanja.

Ctrl+S inakupa XCF, faili la GIMP lenyewe; PNG, picha ya kumtumia mtu, inatoka kwa Export. Nilishamtumia shangazi XCF akaniuliza kama ni kirusi 😂

Kwa WhatsApp inawaka balaa. Kwenye karatasi ya kawaida ile dhahabu yangu ilitoka rangi ya haradali, mama mdogo kasema tu "inapendeza, mwanangu" kwa sauti ile.