Shule tatu za wilaya moja: kwa nini wanangu wanasoma ile yenye alama nne

Tulipohamia wilaya hii ya elimu mwezi wa tatu mwaka jana, kila niliyemuuliza habari za shule alinijibu kwa namba. "Ile ni tisa, dada. Ile ya relini ni nne, usiiguse." Ni zile alama za mtandaoni, moja mpaka kumi, ambazo hapa Marekani hata wauza nyumba huzitia kwenye tangazo pamoja na idadi ya vyumba. Mimi nimefundisha shule ya msingi Mwanza miaka tisa kabla ya kuja huku. Namba peke yake hainitoshi. Nikaomba ruhusa kazini, nikazitembelea shule tatu za umma za wilaya yetu, kila moja kwa siku yake. Majina siyataji. Nitaziita kwa mahali zilipo: ya kilimani, ya bustanini na ya relini.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo namba. Sheria ya elimu ya mwaka 2015 inataka watoto wa shule za umma, kuanzia darasa la tatu hadi la nane, wapimwe kusoma na hesabu kila mwaka, na alama za mtandaoni huegemea sana matokeo ya mitihani hiyo. Sasa fikiria mtoto aliyesomewa vitabu kila usiku tangu hajaota meno, na mwenzake aliyefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mwaka juzi, wamekalia mtihani mmoja. Ukihesabu waliofaulu tu, umepima nyumba walikotoka zaidi ya kazi ya walimu. Kipimo ninachokiamini ni ukuaji: mtoto huyu mwaka jana alikuwa wapi, na leo amefika wapi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Sean Reardon, wamelinganisha shule za nchi nzima wakaona wastani wa alama unafuatana sana na kipato cha wazazi, lakini ukuaji haufuatani nacho namna hiyo. Ripoti ya kila shule iko wazi kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo. Ukiifungua, ruka ukurasa wa mbele, nenda kwenye ukuaji, kisha kwenye matokeo ya watoto wanaojifunza Kiingereza. Hapo ndipo shule ya kilimani na ya relini zilipobadilishana nafasi mbele ya macho yangu.

Shule ya kilimani ni nzuri, na sitaki mtu aseme nimeionea. Maktaba yake ina mwanga, vitabu vimepangwa hadi dirishani, na wazazi wamechanga wakanunua ala za muziki. Nilikaa kwenye darasa la tatu nikamwona mwalimu akifundisha hesabu za sehemu kwa kukunja vipande vya karatasi, kazi safi kabisa. Lakini mwanangu wakati huo alikuwa na Kiingereza cha salamu na mpira tu, kwa hiyo niliomba nioneshwe wanakofundishiwa watoto wa namna yake. Nikapelekwa kwenye korido. Kuna meza ndogo kando ya mashine ya fotokopi, na watoto wawili wamekaa na mwalimu ambaye, kama alivyoniambia mwenyewe, anagawanywa baina ya shule tatu na hufika hapo siku mbili kwa wiki. Kila mashine ilipowashwa alinyamaza, akasubiri, akaanza sentensi upya. Nimesimama ubaoni miaka mingi, najua sentensi iliyokatwa mara nne haimfikii mtoto.

Na dirishani pale ofisini nilipouliza kama mzazi asiyejua Kiingereza atapata mkalimani, karani alisema aje na ndugu yake anayejua. Hapana. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kumpa mzazi habari muhimu kwa lugha anayoielewa, na mkalimani halipiwi na mzazi. Msikubali kuwatumia watoto wenu wakalimani wa mambo yao wenyewe. Mtoto aliyefanya kosa hawezi kulitafsiri kosa lake.

Ya bustanini sina mengi. Uwanja mzuri, mwalimu mkuu mchangamfu na mkweli. Aliniambia bila kuzunguka kwamba darasa la tatu mwaka ule lilikuwa limebadilisha walimu mara tatu. Nikamshukuru, nikaendelea na safari.

Ya relini jengo limechoka. Madarasa mawili yako kwenye vibanda vya kuhamishika uani, na treni ya mizigo ikipita vioo vinatetemeka. Ni shule inayopata fedha za nyongeza za serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi wa kipato cha chini, na watoto wote wanakula kifungua kinywa na chakula cha mchana bure, bila fomu ya kipato. Niliuliza swali lilelile la mkalimani. Karani akanyanyua simu, akataja lugha, na baada ya dakika kama mbili nikasikia Kiswahili cha Goma sikioni: "Karibu mama, tunaweza kuanza."

Lakini kilichoniamulia ni darasa la tatu. Mwalimu wa Kiingereza kwa watoto wa lugha nyingine hakai koridoni. Anaingia darasani, anafundisha bega kwa bega na mwalimu wa darasa saa nzima ya kusoma. Kijana mmoja alifika kwenye neno "knife" akalisoma kwa herufi zake zote, k ikiwemo. Wawili wakacheka. Mwalimu hakumsahihisha. Alimuuliza kwenye lugha ya nyumbani kwao kama kuna herufi isiyotamkwa. Kijana akafikiri, akasema hakuna. Ndipo mwalimu akaliambia darasa kwamba huyu amesoma kwa kufuata kanuni, na kwamba zamani Waingereza wenyewe waliitamka hiyo k, wakaacha kuitamka lakini ikabaki kwenye maandishi. Akaandika ubaoni "knee" na "know", akampa yule yule kijana chaki azungushie k zote. Wale wawili waliocheka wakawa wananakili kutoka kwake. Nilitoka pale nikiwa na machozi, na siyaonei haya.

Kasoro zipo na mzijue. Muziki unafundishwa mara moja kwa wiki. Mapumziko ni dakika 20 tu, haba kwa mtoto wa miaka minane. Orodha ya kusubiri nafasi za kubaki baada ya masomo ni ndefu. Utoro nao ni mkubwa, na huku mtoto akikosa asilimia 10 ya siku, yaani kama siku 18 kati ya 180, anahesabiwa mtoro sugu hata kama kila siku ulipiga simu kuomba ruhusa. Mwanao akiwa tayari anasoma Kiingereza vizuri na anapenda ala, ya kilimani itamfaa, nami nisingemzuia.

Sisi nyumba yetu iko kwenye eneo la kilimani, hivyo ilibidi tuombe uhamisho wa ndani ya wilaya. Tumekubaliwa, ila basi la shule halitufuati, mume wangu anawapeleka akitoka zamu ya usiku. Kwa kuandikisha tulidaiwa mkataba wa nyumba, cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo. Karatasi za uhamiaji hazikuulizwa, na haki hiyo ina mizizi katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1982: mtoto hanyimwi shule ya umma kwa sababu hana hati za kuishi nchini. Mama mwenye hofu hiyo asimfungie mtoto ndani.

Maombi ya uhamisho ya mwaka ujao hapa kwetu yanafungwa mwisho wa mwezi huu. Fomu inapatikana ofisi ya wilaya, si ofisi ya shule. Mimi nilipoteza wiki nzima kwa kutolijua hilo.