Elecraft KX2, redio ya kupanda nayo Menengai

Kwa sisi tunaopenda redio ya ridhaa (kuwasiliana na wengine hewani kwa kujifurahisha, si kwa biashara) na kupanda milima, sijaona redio inayonifaa kuliko Elecraft KX2. Ina uzito wa gramu 370 hivi tu. Mzigo kwangu ni maji ya kunywa. Betri inakaa ndani, na ukiwa unasikiliza tu inatumia takriban miliampea 135, kwa hiyo nashinda ukingoni mwa kreta ya Menengai, karibu na mji wa Nakuru, tangu asubuhi mpaka jua la mchana bila kuwaza chaji.

Inatoa wati 10. Mimi hushusha hadi 5 na kupiga Morse, yaani herufi kwa milio mifupi na mirefu. Wati 5 ni kidogo, naam, lakini huko juu, kwenye mita 2,278, hakuna kelele za umeme za mjini, na ishara hafifu inasikika safi kabisa! Kwa bendi (sehemu ya masafa) ya mita 20, waya wa antena wa mita 10 hivi unatosha: ncha moja juu ya mwanzi, nyingine kichakani. Nimewasiliana na Ulaya hivyo, Ziwa Nakuru likiwa chini yangu.

Kirekebishi cha antena, kifaa cha kuilinganisha antena na redio, huuzwa kando. Kinunue, usibane pesa hapo. Bendi za VHF (masafa ya juu zaidi, ya mawasiliano ya karibu) haina, kwa hiyo kuzungumza na rafiki aliye Njoro beba redio ya mkononi.

Nakala ya leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano iwe mkobani. Askari wa msitu akiona waya mtini atauliza, nawe umwonyeshe kwa upole, umpe na visikilizio asikie mwenyewe.