Kompyuta ya muziki kwa studio ndogo ya Kigoma: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Biti ikianza kukwaruza na kukatika katikati ya kiitikio, prodyuza wengi wa Mwanga na Ujiji husema neno moja: "Nitafute i7," yaani kompyuta yenye prosesa ya Intel Core i7. Kabla hujaitoa hiyo hela, elewa kwanza kinachokwaruza ni nini, maana ndicho kitakachokuchagulia mashine.

Programu ya muziki haina subira. Ukifanya kazi kwa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde na bafa, yaani fungu la sampuli zinazohesabiwa kwa mkupuo mmoja, umeiweka 256, prosesa ina kama milisekunde 5.8 tu za kumaliza hesabu za kila ala na kila plagini (programu ndogo ya kuunda au kupamba sauti), kisha inaanza upya. Ikichelewa kidogo, unasikia mkwaruzo. Tena plagini zilizofuatana kwenye chaneli moja zinasubiriana, kwa hiyo huwa zinabebwa na kiini (core) kimoja cha prosesa. Viini vingine haviwezi kuzigawana. Ndiyo maana mita ya prosesa inaweza kuonyesha nusu ya nguvu bado ipo na sauti inakatika vilevile. Unachonunua ni kasi ya kiini kimoja, na uwezo wa mashine kuishikilia kasi hiyo ikiwa imepata moto.

Hilo la moto kwetu ni zito. Studio nyingi ni chumba kimoja, kuta zimezibwa kwa magodoro, dirisha limefungwa, na mwimbaji akisimama kwenye maiki feni inazimwa. Laptop nyembamba humo ndani hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Iliyokimbia vizuri dukani asubuhi inaanza kukwaruza saa kumi jioni.

Nafasi ya kwanza naipa laptop ya ofisi ya mtumba yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Tafuta ThinkPad T480, Latitude 5490 au EliteBook 840 G5. Soma namba kamili ya prosesa, usisome stika. Core i5-8250U ina viini vinne. Core i7-7500U ya kizazi kilichotangulia ina viwili. Muuzaji atakutajia i7 kwa bei ya juu, na wewe utaondoka na mashine dhaifu. Kizazi cha nane kina sababu nyingine pia: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 rasmi inaanzia hapo. Kati ya hizo tatu mimi naipenda zaidi T480. Ina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo unanunua yenye GB 8 leo na kuongeza baadaye, na betri yake ya nje unaweza kuibadilisha mashine ikiwa inawaka. Umeme ukikatika mwimbaji yuko kwenye ubeti wa pili, kazi haipotei.

Nafasi ya pili ni kompyuta ya mezani ya ofisi, mfano OptiPlex yenye Core i5-8500. Kwa nguvu tupu inaipita ya kwanza waziwazi: viini sita, na nafasi ya kupumua ambayo laptop haina. Imeshuka kwa sababu ya umeme tu. Inataka UPS (betri ya akiba ya kuishikilia umeme ukikatika), kioo, na mahali pa kudumu. Kama studio yako ina sola yenye betri za kutosha, igeuze iwe ya kwanza bila kusita.

Ya tatu ni kuiboresha uliyonayo, na kwa mwenye hela ndogo hapa ndipo pa kuanzia. Fungua, futa vumbi, badilisha pasta ya joto kwenye prosesa. Kazi hiyo fundi mzuri anaimaliza siku hiyohiyo, na mashine iliyokuwa inajipunguza kasi inarudi kwenye kasi yake. Ongeza RAM ifike GB 16 kama unatumia ala za sampuli kubwa, yaani sauti za ala halisi zilizorekodiwa, kama piano na nyuzi. SSD (hifadhi ya kasi) ni nzuri sana kwa kufungua projekti na kupakia sampuli, ila haiongezi hata chembe ya nguvu ya hesabu. Anayekuuzia SSD kama dawa ya mkwaruzo wa plagini hakusaidii.

MacBook Air ya M1, ile ya 2020, kiini chake kimoja kina kasi kuliko vyote nilivyotaja, na haina feni ya kuingia kwenye maiki. Lakini RAM uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo, na ikiharibika hapa Kigoma uwezekano mkubwa itapanda basi kwenda Dar. Naiweka ya nne kwa sababu hiyo.

Kadi ya sauti ya nje inunue kwa ajili ya maiki. Dereva wake mzuri wa ASIO, yaani programu ya Windows inayopitisha sauti haraka, utakuwezesha kushusha bafa bila fujo, lakini plagini bado zinahesabiwa na kompyuta.

Ya mwisho kabisa, hata ikiwa mpya ndani ya boksi: laptop yenye Celeron kama N4020, RAM ya GB 4 iliyochomelewa na hifadhi ya GB 64. Ni ya kuandikia barua. Inaniuma kuona kijana mwenye kipaji anaimalizia akiba yake hapo.

Mashine yoyote utakayochukua, izoeze kazi kwa akili. Rekodi kwa bafa ya 128, changanya kwa 1024. Usipande sampuli 96,000 kwa sekunde. Mzigo unazidi mara mbili. Ukiwa na kwaya ya sauti nne, usimpe kila mwimbaji mwangwi wake: weka mwangwi mmoja kwenye chaneli ya pembeni, na soprano, alto, tenor na besi wote waelekezwe huko. Ala ukiridhika nayo, igandishe iwe faili la sauti. Faili la sauti halimchoshi mtu. Kinachochosha ni sinthi na plagini nzito. Kwa programu, Reaper ina leseni ya punguzo ya dola 60 na kugandisha kumo ndani.

Dukani nenda na flashi yenye kisakinishi cha FL Studio, programu nyingine ya muziki. Toleo la majaribio linafungua projekti za mfano zinazokuja nalo, intaneti huhitaji. Cheza iliyo nzito kwa dakika kumi, chaji ikiwa imechomolewa, kisha ichomeke urudie, huku Task Manager ya Windows iko wazi kwenye ukurasa wa prosesa. Kasi ikianza GHz 3 na kitu ikaporomoka chini ya 2 na kubaki huko wakati muziki unaendelea, hata ikiwa kwenye chaji, huenda joto limeishinda. Ukiagizia Kariakoo, mwambie muuzaji akutumie video ya jaribio hilohilo, namba ya prosesa ikionekana, kabla mzigo haujapakiwa.