Tiba kazi baada ya kiharusi: mmoja mmoja au kikundini?

Mtu mzima aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi anaweza kupata tiba kazi, yaani tiba ya kumrudisha kwenye shughuli zake za kila siku, hospitalini akiwa peke yake na mtaalamu, au pamoja na wagonjwa wenzake.

Kuoga, kwenda chooni na kuvaa nguo za ndani ni mambo ya faragha. Hapo kikundi hakina nafasi. Vivyo hivyo kwa anayechoka haraka siku za mwanzo, au ambaye ubongo wake umeusahau upande wa kushoto hata anaacha nusu ya chakula kwenye sahani.

Kikundi ndicho ninachokipigania zaidi, kwa sababu mara nyingi huonekana kama mchezo tu. Weka watu wanne au watano mezani wapike chai na kukata sukuma wiki. Mmoja anatuliza sufuria kwa mkono dhaifu, mwingine anakumbuka hatua, na mwenye shida ya kusema inambidi aombe sukari. Aliyekata tamaa anamwona mwenzake akifunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, na neno la huyo humwingia kuliko la mtaalamu yeyote. Ila kelele humvuruga mwenye jeraha la ubongo, na mwenye haya hufunikwa na wachangamfu.

Kuwakusanya wote kwa kuwa wataalamu ni wachache, hilo silikubali. Ningeanza na mmoja mmoja, niongeze kikundi mgonjwa akishaweza kukaa wima nusu saa, na vipindi vya binafsi vibaki kwa lengo lake mwenyewe: fundi nguo arudie cherehani, mama mboga ahesabu chenji.