Nimeweka wino usiofutika kwenye kalamu nyembamba, hapa hapa Dodoma na hili jua letu

Mambo vipi wadau, za toka juzi. Samahani kwa sauti ya feni, nimejaribu kuizima nikashindwa, Dodoma mwezi huu wa kumi bila feni hata simu inayorekodi inapata homa, kwa hiyo mtavumilia. Leo nina mzigo. Hizi chupa mbili hapa, kalamu tatu, na beseni la maji ambalo wife ameshauliza mara mbili nitalirudisha saa ngapi. Watu wa nje wakisikia Dodoma wanajua mvinyo, zabibu za Makutupora na Hombolo huko, mi nimewaletea wino tu, haunyweki, na ukiudondosha kwenye shati jeupe basi shati limeshakuwa la shambani.

Kwanza niwaambie nimefikaje huku. Mi ni katibu wa kikoba hapa mtaani Nkuhungu, mwaka wa nne huu, na daftari letu ni kaunta buku la kwaya tatu, hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii, kila kitu humo humo. Na naandika kwa kalamu ya kujaza wino, zile za wazee, fauntenipeni, ndo ugonjwa wangu mnaujua. Sasa mvua za mwezi wa pili bati likavuja usiku, asubuhi nafungua daftari nakuta kurasa sita zimekuwa kama maji ya kufulia jinzi. Bluu yote imetembea. Jumamosi kikao, mama mwenyekiti kavaa miwani, kaisogeza, kaivua, kanitazama, “Katibu mwanangu, hapa mimi nilinunua hisa tano au tatu?” Nikamwambia mama, shikamoo tena, hata mimi sioni. Aisee kile kikao kiliisha saa mbili usiku, kila mtu anakumbuka hisa zake kwa kwenda juu, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwa kushuka.

Sasa najua kuna mtu ataandika hapo chini si ungetumia tu peni ya kawaida. Ni kweli, na usidhani sijui, wino wa peni ni wa mafuta mafuta, maji haiyaogopi. Ila peni unaikandamiza, ukiandika majina ishirini na mbili na hesabu zake kidole gumba kinaanza kukuambia habari nyingine, wakati hii unaigusisha tu karatasi inateleza yenyewe. Na halafu naipenda. Basi.

Tuje kwenye wino. Wino wa kawaida wa hizi kalamu ni rangi iliyoyeyuka kwenye maji, kama sukari kwenye chai, kwa hiyo ikikauka kwenye karatasi ukiimwagia maji inayeyuka tena inaondoka. Wino wa pigimenti haujayeyuka. Ni chembe ngumu zinaelea ndani ya maji, maji yakikauka chembe zinabaki zimejibana kwenye nyuzi za karatasi, na ukimwagia maji hazina cha kuyeyuka. Hii nyeusi ni Platinum Carbon Black ya Japani, chupa ya mililita 60, na kaboni yenyewe kwa lugha ya nyumbani ni masizi. Eeh, masizi. Wamisri wa kale walichanganya masizi na gundi ya miti jamii ya hii migunga yetu wakaandikia kwenye mafunjo na mpaka leo yanasomeka. Tofauti ni kwamba ile gundi ukiiweka kwenye fauntenipeni umeiua, hawa wa siku hizi wanatumia dawa za kufanya chembe zielee zisigandane.

Mi hapa huwa nakumbuka bibi yangu kule Kondoa, ukiumwa unapelekwa kwa mwalimu wa chuo anakuandikia kombe kwenye sahani nyeupe kwa zafarani, inaoshwa unakunywa. Ule wino unaandikwa ili uoshwe. Nilikuwa naandikia daftari la kikoba wino wenye tabia za kombe alafu nashangaa umeoshwa.

Chupa ya pili ni Sailor Sei-boku, nayo ya Japani, pigimenti ila ya bluu iliyokolea inayoelekea kwenye weusi. Bei sitaki kuzungumza sana, hela ya chupa moja ya hizi unanunua maboksi ya peni na chips mayai juu. Jamaa yangu alininunulia safarini akaja nazo na SGR, nikazipokea stesheni kama napokea mgeni.

Kalamu sasa. Hizi mbili ni Platinum Preppy, za plastiki, moja imeandikwa 02 nyingine 03, maana yake mstari wa kama milimita 0.2 na 0.3. Nyembamba kweli, angalia, ngoja nisogeze, umeona? Kwenye kaunta buku mstari mmoja naandika safu mbili ukitaka. Nibu, yaani hii ncha ya chuma ya kuandikia, za Kijapani ukilinganisha na za Kijerumani zenye herufi ile ile ya ukubwa kwenye kalamu huwa za Kijapani ni nyembamba zaidi, Wajapani wana maandishi ya viboko vingi sehemu ndogo lazima nibu iwe kali. Na hii ya tatu sitaitaja jina, ni ya bei chee, nibu nyembamba pia, na kifuniko chake kina kitundu juu hapa. Mkumbuke hicho kitundu.

Watu wengi wanaogopa kuweka pigimenti kwenye nibu nyembamba wanasema zile chembe zitaziba. Mi nilikuwa naamini hivyo hivyo. Ila fikiria, chembe moja ni ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, ufa wa nibu hata wa hii 02 kwake ni barabara ya kwenda Mtumba, zinapita zimekumbatiana. Chembe haizibi ikiwa majimaji. Inaziba ikikauka humo ndani. Na hapo ndo Dodoma inapoingia.

Nilifanya hivi. Nikajaza zote, nikaandika mstari, nikaziweka mezani wazi bila kifuniko, feni inazunguka, saa nane mchana. Wino wa kawaida wa bluu ambao niliuweka kwenye kalamu nyingine kulinganisha, dakika tano bado unaandika, unagoma kidogo herufi ya kwanza alafu unaendelea. Hii Carbon dakika mbili na nusu nibu ya 02 ikaandika mkia tu, herufi nusu, nikaigusisha kwenye kitambaa chenye unyevu ndo ikarudi. Dakika mbili na nusu ni muda wa mtu kukuhesabia elfu ishirini za noti chakavu. Nilijaribu tena usiku feni imezimwa ikafika dakika nne na kitu. Nikiwa Tanga kwa shemeji mwezi wa saba nakumbuka nilikuwa naiacha wazi naongea weee narudi inaandika, hewa ya kule ina maji, huku kwetu kiangazi upepo unakausha mpaka midomo, seuze tone la wino kwenye ncha.

Kwa hiyo tabia niliyojizoesha ni kwamba mtu akianza kuhesabu hela nafunika. Akinyanyua mdomo kulalamika nafunika. Wanakikoba walikuwa wanacheka, tak tak za katibu, kufunika kufunua, saivi wameshazoea.

Ya kuacha siku nyingi sasa. Ijumaa jioni nikaziacha zote zimefunikwa vizuri zimelazwa. Jumatatu, ile ya kitundu haikuandika kabisa. Niliikuna, niliitikisa, niliilamba, msiniulize. Nikachomoa nibu nikapiga picha kwa simu kwa karibu, hii hapa, mnaona huu ukoko kwenye ufa? Ni kama ule wa chini ya sufuria ya ubwabwa. Kitundu kile nasikia huwa wanaweka kwenye vifuniko ili mtoto akimeza hewa ipite, jambo jema kabisa, ila humu ndani hakuna kifuniko kingine kidogo cha kubana nibu, kwa hiyo hewa ya Dodoma ilikuwa inaingia na kutoka siku tatu inavuta maji.

Hizi Preppy ndani ya kifuniko kuna kikombe kidogo chenye springi, ukifunga unasikia kinabana, na wenyewe Platinum wanasema kalamu inakaa mwaka bila kukauka. Mwaka sijasubiri jamani, mi nimesubiri siku kumi na nane nikiwa nimebanwa na msiba, nikarudi nikaifungua, ikaandika herufi ya kwanza. Ya 02 na ya 03 zote. Kwa kalamu ya plastiki ambayo ni ya chini kabisa kwenye duka lao mi nilipiga makofi peke yangu.

Haya, beseni. Karatasi ya kaunta buku hii, nimeandika jana, mstari wa juu bluu ya kawaida, wa kati Carbon, wa chini Sei-boku. Nazamisha. Moja, mbili, mnaona bluu inaanza kutoa moshi, ile pale inaondoka, kwaheri. Hii ya kati haijashtuka. Ya chini nayo imekaa. Nasugua na kidole, hii karatasi itachanika kabla ya maandishi kutoka, ona, imechanika, neno “faini” limegawanyika vipande viwili na vyote vinasomeka. Na tone la jiki, naweka kwenye Carbon tu na kwenye kipande cha bluu, bluu imeisha kabla sijafunga chupa, Carbon ipo. Masizi hayana rangi ya kuchujwa na jiki.

Kitu kimoja nilichokipenda bila kutegemea ni kwamba haisambai. Karatasi za madaftari yetu mnazijua, zinanywa, ukiweka wino wa kawaida herufi inaota manyoya na upande wa pili huandiki. Hii inakaa juu juu, na nibu ikiwa nyembamba inatoa kidogo, nimeandika pande zote mbili. Kasoro yake ni hiyo hiyo ya kukaa juu, kwenye karatasi inayong'aa kama ya kalenda ukipitisha kidole hata kesho yake inaacha kivuli cha masizi. Kwenye daftari sina tatizo nayo. Na Sei-boku kwenye 02 naona imepauka kidogo, macho ya mama mwenyekiti hayawezi, hiyo nimeihamishia kwenye 03 imekuwa nzuri.

Kusafisha. Hapa ndo wengi mtaharibu. Maji ya bomba mtaani kwangu yana chumvi, birika langu lina ukoko mweupe kama chokaa, ukisafishia kalamu hayo unatoa masizi unaweka chokaa. Mi natumia ya chupa ya kunywa yaliyobaki, au ya mvua kama nimekinga. Bomba la sindano la duka la dawa, toa sindano yenyewe, unachomeka kwenye shingo ya nibu unasukuma maji ya uvuguvugu, sio ya moto, plastiki itapinda, ukiweka tone moja la sabuni ya vyombo sawa alafu suuza mpaka maji yatoke meupe. Nafanya kila nikimaliza konveta mbili, konveta ni kile kibomba cha ndani ya kalamu kinachovuta na kubeba wino. Ile iliyokauka nililoweka usiku kucha mara mbili, imefufuka, ila ule ulimi mweusi chini ya nibu una alama mpaka leo, na sasa nimeirudisha kwenye bluu ya kawaida, ndo saizi yake.

Kuna mdau video iliyopita aliuliza kama anaweza kujaza wino wa mhuri. Hapana kaka. Wala wa printa, wala ule wino wa Kihindi wa kuchorea wenye gundi ya kung'aa, ule ukikauka ndani hata uloweke mwezi. Na usichanganye hizi mbili chupa moja hata kama zote za Kijapani, chembe zikikutana na dawa za mwenzake zinaweza kugandana kama mlenda uliolala.

Kwa hiyo kama unaandika kila siku, hesabu, kumbukumbu za kikao, mahudhurio, nunua kalamu ya bei nafuu yenye kifuniko kinachobana, iwe ndo kalamu ya pigimenti maisha yake yote. Kama we ni mtu wa kuandika shairi mara moja kwa mwezi mwandiko ukikujia, au una kalamu ya dhahabu ya urithi wa mzee, usiweke. Sikatazi, ila ukija kulia hapa nitakuonesha ile picha ya ukoko.

Mi daftari jipya nimelianza mwezi wa tatu, lote kwa Carbon, na zile kurasa sita tumezikaa chini na mama mwenyekiti tukazinakili upya mmoja mmoja, kila mwanachama akasaini pembeni ya hisa zake. Wengine tano ziligeuka tatu wenyewe bila kulazimishwa, nadhani ni vile walivyoona wino wenyewe hautoki.

Ngoja niwaoneshe ukurasa wa jana tu, siyo majina, nitaziba kwa mkono, hapa kwenye… Naam? Lipi, beseni? Nakuja mama Salma, nakuja, subiri nifunike kalamu.