Seti ya vipande 94 na Land Rover ya marehemu baba

Seti yenyewe ni ile iliyojaa Kariakoo: sanduku jeusi la plastiki, soketi kuanzia namba 4 mpaka 32 (namba ni upana wa nati kwa milimita), racheti mbili, ya robo na ya nusu inchi, vipande vya kurefushia, na bitsi, yaani ncha za bisibisi, lundo ambazo mpaka leo sijazigusa. Muuzaji alianzia 230,000, tukavutana mpaka 185,000. Duka silitaji. Nilimwambia wazi kwamba gari ni Land Rover 109 ya mwaka 1978, akanijibu bila hata kupepesa macho, "Hii inafungua gari lolote, mzee wangu."

Nisiionee. Kwenye Corolla ya mke wangu nimeitumia miezi minne sasa na sina neno. Toyota ukishakuwa na 10, 12, 14, 17, 19 na 21 umemaliza karibu kazi yote, na humu zote zipo, za pembe sita, zinakaa kwenye nati bila kucheza. Racheti ya nusu nimeitundikia bomba ili kufungua nati za tairi, jambo ambalo najua halifai, na bado inalia vizuri. Sanduku ndilo bovu. Ukilifungua upande usio wake, soketi zote zinamwagika mchangani, na kuzirudisha kila moja kwenye tundu lake ni kazi ya robo saa.

Sasa njoo kwenye Land Rover. Ilikuwa ikifika kilomita 60 kwa saa inatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinageuka chenyewe. Nikalala chini nifungue propela shafti, ule mhimili unaopeleka mzunguko kwenye magurudumu. Nati zake, 14 haiingii, na 15 inaingia kwa raha zote. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikavuta. Soketi ikazunguka, nati ikabaki palepale, kona zimelika kama sabuni. Fundi wa jirani alipochungulia akacheka kwanza, ndipo akasalimia. "Shikamoo mwalimu. Hiyo ni ya inchi hiyo."

Nafundisha fizikia, kwa hiyo aibu ni mara mbili. Kesho yake nikaazima kalipa ya maabara, kifaa cha kupimia upana na unene, nikapima nati moja baada ya nyingine. Ile ya propela shafti ni 9/16 ya inchi, yaani milimita 14.29. Ndiyo maana 14 inagoma na 15 inaacha nafasi ya milimita 0.7, nafasi ambayo kutu ikishashika inatosha kabisa kuua nati. Bolti za sampo, bakuli la oili chini ya injini, ni 1/2, milimita 12.7. Namba 13 inaingia na ukiwa mpole inafungua, lakini inacheza, na siku nati ikikaza itakuumbua. 7/16 ni 11.11, na 11 haipiti ila kwa nyundo. Zipo zinazokubaliana: 5/8 unaweza kuifungua kwa 16, 3/4 inapokea 19 kwa kubana, na 1 1/16 na 27 ni kitu kilekile. Hizo tatu ndizo msaada pekee ambao seti hii ya 185,000 imeupatia gari la baba.

Halafu kuna lile ambalo kalipa ndiyo iliyonionyesha. Upande wa nyuma wa shafti una bolti nne. Tatu zilikuwa na vichwa vya 9/16. Ya nne ilikuwa na kichwa cha namba 12, bolti ya Toyota ya unene wa milimita 8, imechomekwa kwenye tundu la bolti ya 3/8, ambayo ina unene wa milimita 9.5. Sijui ni fundi gani, mwaka gani, baba hakuwahi kusema. Ilikuwa inacheza mle ndani kama ulimi wa kengele, na mtetemo wote ulikuwa wake. Kwa hiyo ukikuta Land Rover iliyopita mikononi mwa watu, usipime nati moja ukadhani umezipima zote.

Soketi za inchi hatimaye nilizipata Gerezani, kwa mzee anayetandika vyuma vya mtumba barabarani. Tano, za pembe sita, 8,000 kila moja. Akanipa na spana tatu za ringi, Britool za Uingereza, nyeusi kwa grisi, kwa bei ya soda. Moja ina herufi W pembeni, 1/4W, nikadhani ni ndogo mno kumbe inafungua nati ya milimita 13.3. Hiyo ni Whitworth, mtindo wa magari ya zamani zaidi ya hili langu. Namba inataja unene wa bolti, siyo upana wa kichwa. Haina kazi kwangu ila nimeiweka. Hizi za ringi zina meno kumi na mawili, na kwa nati yenye kutu nazikwepa. Soketi ya pembe sita kwanza.

Kwa hiyo: kama una Toyota, nunua hiyo seti, ila dai bei ishuke chini ya 185,000, na sanduku lifunge kwa kamba. Kama una Land Rover ya zamani, chomoa nati moja, itie mfukoni, nenda nayo mpaka kwa muuzaji, na kila soketi atakayokupa ivishe palepale. Ikicheza, mrudishie. Na spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, acha nyumbani. Ile nati niliyoiua, jirani aliitoa kwa tindo na dizeli ya usiku kucha, baada ya mimi kuimalizia kwa spana malaya.

Bado nakosa 11/16. Namba 17 inagoma, 18 inacheza. Mzee wa Gerezani kaniambia nirudi Jumamosi.